Nyamai Alivyokwenda Kusalimu Foleni

Nyamai wa Kawangware 46 alikuwa fundi wa vitanda, na kitanda chake ukikilalia hakilii. Lisemwe hilo mapema, maana mengine yatakayosemwa hapa juu yake hayatampendeza. Alikuwa mtu wa Kitui, mfupi, mwenye mikono ya kazi na mdomo usiochoka, na karakana yake ya mabati aligawana na rafiki yake Walubengo, Mbukusu aliyechomelea milango na madirisha. Mbao zilikaa upande huu, vyuma upande ule, na katikati palikuwa na benchi moja ambapo walikunywa chai ya saa nne miaka nenda miaka rudi, bila kukosana juu ya kitu chochote isipokuwa mpira.

Kisha zikaja kampeni za mwaka wa 2007. Walubengo aliishi Kambi Muru, kule Kibera, na mgombea wake alikuwa yule wa karibu Kibera nzima. Nyamai naye alikuwa na wake, mtu wa kwao Ukambani, ambaye kila utafiti wa maoni ulimweka nambari tatu, na kila mara Nyamai akaeleza kwamba hao watafiti huwa hawafiki Kitui. Kufikia Desemba wawili hao walikuwa wanabishana mpaka gundi inakauka kwenye brashi. Siku moja Mama Wangoi alikuja kuchukua kabati lake akalikuta halina milango, na mafundi wake wamesimama wakipigiana hesabu za kura za mikoa ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga.

Mama Wangoi alipoondoka amenuna, Walubengo aliketi kwenye benchi akafikiri.

"Hebu skiza, bro," akasema. "Mimi nikipiga yangu na wewe upige yako, si zinauana tu? Wangu anapata moja, wako anapata moja. Ile gap inabaki vile ilikuwa. Sasa tunagombania nini?"

Nyamai alitafuta kosa katika hesabu hiyo, akalikosa.

"So unataka aje?"

"Nataka hiyo siku tulale. Wewe usipige, mimi nisipige. Tumalize hii maneno."

Wakapeana mikono juu ya kabati lisilo na milango, na kwa kweli siku zilizobaki walifanya kazi kwa amani kiasi cha kuwashangaza majirani. Wake zao hawakuulizwa, nao hawakuomba ruhusa. Mumbua wa Nyamai na Phanice wa Walubengo walikuwa na kadi zao, na kila mmoja alijua atakakoipeleka.

Siku ya kura, Walubengo alilala kama alivyoahidi. Alipoamka aliziba tundu kwenye paa lake, tundu ambalo Phanice alikuwa amelipigia kelele tangu mvua za Aprili, halafu akalala tena.

Nyamai alijaribu. Tusimnyime haki yake, alijaribu kweli. Lakini aliishi mtaa wa Kongo, hapo hapo Kawangware, na foleni ya kituo ilikuwa imejikunja mpaka karibu na mlango wake, watu wamevaa nguo za Krismasi, wengine wamesafiri kutoka ushago, kwao mashambani, usiku kucha ili wasikose. Kavoi, jirani yake, alikuwa mle ndani akimpungia mkono. Nyamai akaona ni utovu wa adabu kukaa mlangoni kama mtu asiyejua wenzake, akatoka kwenda kusalimu foleni. Alimsalimu Kavoi. Akamsalimu aliyekuwa mbele ya Kavoi. Foleni ikasogea, naye akasogea nayo, maana mazungumzo yalikuwa yamenoga. Kadi ya kura ilikuwa mfukoni mwake, kwa bahati ambayo baadaye hakuweza kuieleza vizuri. Alipogutuka, karani alikuwa anakichovya kidole chake kidogo kwenye wino.

Aliporudi nyumbani alifungua kopo la vanishi akajipaka mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko.

"Baba Ian," Mumbua akamwambia, "leo si kazi hamna?"

"Nataka mikono izoee," akajibu, na kukaa kimya, jambo lililomsadikisha Mumbua kwamba kuna kitu.

Pengine yangeishia hapo, yawe ya kuchekwa siku ya mavuno. Lakini matokeo yalitangazwa, na mshindi alikuwa amempita wa pili kwa kura laki mbili na ushei katika nchi ambayo karibu milioni kumi walikuwa wamepiga. Kabla jua halijazama Kibera ilikuwa inawaka. Nyumba za watu zilichomwa na wenyewe wakiangalia. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi waliogopana, na wengine hawakufika mwaka mpya. Hapo hapana cha kutania.

Huko Kambi Muru vijana wa plotini walianza kuulizana vidole. Mwenye wino alipita. Katika kila watu kumi waliojiandikisha nchini, takriban saba walijitokeza kupiga kura, na Walubengo alikuwa kwenye wale watatu, tena mchana kweupe, na kidole cheupe. Amolo, aliyekuwa kama mkubwa wa vijana hao, alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na ndiyo maana hakuguswa. Lakini alisimamishwa nje, mbele ya kila mtu.

"Tumekatwa na laki mbili," Amolo akamwambia, "na wewe ulikuwa umelala. Nani alikulipa ulale?"

Walubengo akaeleza yote: benchi, hesabu, kupeana mikono na Mkamba wa Kawangware. Alieleza kwa moyo mweupe, na kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana.

"Sawa," Amolo akasema mwishowe. "Kamlete huyo Mkamba tuone kidole chake. Kama na yeye hakupiga, tutajua unasema ukweli. Kama hauna yeye, usirudi hapa. Mkeo Mama Nanyama atabaki na watoto. Yeye tumeona alipiga."

Walubengo alifika kwa Nyamai na mfuko mmoja wa nguo, na ajabu ni kwamba hakuwa na huzuni sana. Jambo lenyewe aliliona jepesi. Barabara zikipoa kidogo, watakwenda wote wawili, Nyamai aonyeshe kidole, naye arudi kwa mkewe na wanawe.

Hakuna mgeni aliyewahi kumtesa mwenyeji wake kwa sifa namna ile. Kila aliyeingia kusalimu alipewa habari za Nyamai, mtu ambaye foleni ilimpitia mlangoni na hakuijali, kwa sababu alikuwa ametoa neno lake. Mumbua alipakua muthokoi huku akimtazama mumewe kwa jicho la pembeni. Nyamai alikula ameinamia sahani. Mchana alikwenda nyuma ya karakana na kujaribu mafuta ya taa, akajaribu thina ya kuyeyushia rangi, kisha akachukua msasa ule wa kulainishia miguu ya vitanda akakisugua kidole kana kwamba kuna mteja anakingoja. Ngozi ilitoka. Wino ulibaki kwenye shina la ukucha, mweusi, umetulia.

"Utafika mfupa," Mumbua akamwambia alipomfumania. "Si umwambie tu?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

Nyamai akapuliza kidole.

Ilipofika siku ya kwenda, mambo yalikuwa yamekuwa mabaya zaidi kwa upande wake. Mgombea wake, yule nambari tatu, alikuwa ameshaingia serikalini, na Kibera ilikuwa haitaki hata kusikia jina la Kikamba. Mumbua alisema waziwazi kwamba anaogopa. Nyamai aliogopa zaidi, lakini alivaa koti, akatumbukiza mkono mfukoni, wakaondoka kwa miguu.

Walipofika Barabara ya Ngong, akasimama.

"Walubengo. Mimi nilipiga."

Walubengo alimwangalia akidhani ni mzaha. Nyamai akautoa mkono mfukoni. Kidole kilikuwa kimevimba, chekundu kote isipokuwa pale penye weusi.

"Ulimpigia nani?"

"Wa kwetu."

"Yule wa tatu?"

"Yule wa tatu."

Walubengo alikitazama kile kidole. "Ungeniuza kwa mshindi ningeelewa," akasema. "Sasa umeniuza kwa mtu hata hakukuwa karibu." Kisha akageuka. "Rudi kwako. Huko watakuumiza bure, na bado sitakuwa na shahidi."

Akashika njia peke yake. Nyamai alisimama pale akiwa na ruhusa kamili ya kurudi nyumbani, ruhusa iliyotolewa na yule yule aliyekosewa, na miguu yake ilikuwa inaitaka sana. Ilimchukua muda kuikatalia. Halafu akafuata, hatua kadhaa nyuma, kama mbwa aliyefukuzwa asiyekubali kufukuzwa.

Kambi Muru waliwaona wakija. Amolo alitoka, na wenzake wakatoka nyuma yake, na Phanice akasimama mlangoni amembeba mtoto. Kabla Walubengo hajafungua mdomo, Nyamai alimpita akainua mkono juu ili hata wa nyuma waone.

"Mimi ndiye Mkamba," akasema. "Tulikubaliana tusipige. Huyu alilala kwa sababu aliniamini. Mimi nilienda nikapiga. Kama mnatafuta mtu wa kulaumu, ni mimi."

Amolo alisogea, akakishika kile kidole na kukigeuza huku na huku, akaona ilivyochubuka ngozi.

"Ulikisugua na nini?"

"Msasa."

Mmoja akacheka, na kicheko kikawashika wengine, na Amolo mwenyewe akashindwa kujizuia. Wengi wao walikuwa hawajacheka tangu matokeo.

"Kumbe huyu jirani yetu hakulipwa," Amolo akasema. "Ni fala tu."

"Ni fala kabisa," akaitikia mzee mmoja, na jambo likapita bila kupingwa. Msaliti hawakumtaka, lakini fala alikuwa na nyumba yake, na Phanice alikuwa tayari amekwenda kumwekea maji ya kuoga. Nyamai akaambiwa aondoke kabla giza halijaingia.

Walubengo ndiye aliyemsindikiza. Walitembea mpaka barabarani, na Nyamai alikuwa amejiandaa kwa tusi, hata kwa kofi, na angelipokea kwa shukrani.

"Ile siku," Walubengo akasema, "ungekuja tu uniambie, 'Walu, hii foleni imenishinda, nataka kupiga.' Ningeamka. Ningeenda yangu na wewe uende yako, ziuane huko, jioni tukunywe chai. Ulidhani ningekataa?"

Nyamai alifungua mdomo wake ule usiochoka, na haukutoa kitu. Akalia pale pale kando ya barabara, mtu mzima, mbele ya mama aliyekuwa anauza karanga, na Walubengo akasimama kando yake kumngoja amalize.