Safu ya Mbele, Mwenye Pengo

Federesi hakuwa mwanamke wa kusahau, na ole wako umwambie hivyo. Muulize habari za harusi yake kule Butambala: atakutajia mpiga ngoma, rangi ya ng'ombe aliyechinjwa, na wifi gani alinuna. Lakini mtume chumvi. Akifika jikoni husimama tu, mikono kiunoni. Mambo ya zamani yalimkaa; ya asubuhi yalimponyoka kama sabuni ya kuogea.

Na leo Nnabbosa, binti wa kaka yake, alikuwa anamtambulisha mchumba. Kwa Waganda, shangazi ndiye anayetoka mbele ya wageni kumchagua bwana harusi kati ya wenzake. Kijana mwenyewe, Lubwama, alishakuja kumsalimu mara nyingi, na kila mara uso wake ulikuwa mgeni kwake. Kaka mtu alishasema waziwazi: akikosea, ushangazi anapewa mdogo wake.

Chumbani, Nnabbosa alimshika mabega. "Shangazi, nisikilize. Safu ya mbele, kiti cha tatu, mwenye pengo. Basi."

"Mbele, cha tatu, pengo. Kwani mimi mtoto?"

Akachukua ua la kumvika bwana harusi, akatoka huku midomo ikichezacheza. Mbele, cha tatu, pengo. Midomo ikicheza, maneno yalikaa. Mlangoni, jirani yao Nnalongo akampigia magoti.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama, mwanangu."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na shambani?"

"Kuzuri."

"Mmm."

"Eee."

Salamu za Kiganda hazikatwi jamani, labda uwe huna adabu. Nnalongo alipoinuka, kichwa cha Federesi kilikuwa kitupu. Hata neno moja!

Loo! Uwanjani wanaume walijaa safu kwa safu, wote kanzu nyeupe na koti jeusi. Jasho likalowesha vazi lake la gomesi mgongoni. Alijua fika kwamba ameambiwa kitu, tena dakika hii hii. Kaka yake alikuwa amemkodolea macho.

Msemaji wa wageni akapaza sauti: "Mama, usitukawize! Ukikosea, huyo utakayemshika tunakuoza wewe!"

Watu wakaangua kicheko. Ndani ya kicheko hicho, mmoja alicheka kwa kwikwi, mwishoni kikatoka kimluzi cha hewa inayopita kwenye pengo. Federesi akageuka. Kicheko kile alikijua! Ndicho alichokuwa akicheka Ssalongo, mpiga ngoma wa harusi yake, kila alipokosea mdundo.

Akamwendea yule kijana moja kwa moja, akamchomeka ua kifuani. "Wewe! Babu yako alinipigia ngoma."

Vigelegele vikapasua anga. Lubwama akasimama akicheka, na kaka mtu akapiga makofi kuliko wote.

Chumbani Nnabbosa alimkumbatia akilia kwa furaha. Matoke yakaletwa, wakala, wakataniana juu ya msemaji. Kisha Federesi akaweka sahani chini, akakaza mshipi wa gomesi, na macho yake yakajaa wasiwasi upya.

"Mwanangu, wageni si wamefika? Nikumbushe upesi kabla hawajaniita. Nisije nikakuaibisha."

Nnabbosa aliitazama ile mikono isiyo na ua. Akaishika.

"Safu ya mbele, Shangazi," akasema. "Kiti cha tatu. Mwenye pengo."