Kati ya Pete na Nyavu

Mimi ni mrefu. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila kilichonipata michezoni kilianzia hapo. Nilipofika darasa la sita nilikuwa namtazama mwalimu wetu wa hesabu macho kwa macho, na nyumbani, kijijini kwetu nje kidogo ya mji wa Bariadi, mama aliacha kupanda kigoda akitaka kushusha kitu darini. Aliniita mimi. Upindo wa sketi yangu ya shule uliteremshwa kila mwaka, hadi siku moja mama akaigeuza, akaitazama, akacheka, kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kuteremsha.

Sekondari nilisoma bweni, Maswa. Wiki ya kwanza mwalimu wa michezo aliniona kwenye foleni ya uji, akaniambia jioni nifike kwenye uwanja wa mpira wa pete. Hakuniuliza kama ninaujua. Aliniweka nyuma kabisa, chini ya pete yetu, akasema kazi yangu ni moja tu: mpira usiingie. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote. Nilikuwa mtoto mkimya, wa kuitwa mara mbili ndipo aitike, na pale chini ya pete sikuhitaji kusema neno. Niliinua mikono, nikaruka, basi. Nilipofika kidato cha tatu, timu za shule nyingine zilikuwa zikishuka kwenye lori zao zinaulizana yule mrefu yuko wapi.

Mpira wa miguu ulinijia kwa bahati mbaya ya mwenzangu. Tulikuwa kwenye mashindano ya shule, pale pale Nyalikungu, mjini Maswa, na asubuhi ya mechi kipa wa timu yetu ya wasichana aliamka na malaria. Hapakuwa na mwingine. Mwalimu akaitazama mikono yangu, mimi nikamtazama yeye, na baada ya muda mfupi nilikuwa nimesimama golini nimevaa glovu za mtu mwingine.

Krosi ya kwanza ilipokuja niliruka nikaidaka juu ya vichwa vya wote. Watu wakapiga kelele. Nikatua, nikasimamisha mguu mmoja imara chini, nikaanza kujizungusha juu yake nikitafuta wa kumpasia, maana kwenye mpira wa pete ukitembea na mpira umekosea. Nilizunguka. Nilizunguka tena. Uwanja mzima ukaanza kucheka, na beki wetu mmoja akanijia taratibu, kama mtu anayemsogelea ndama aliyeshtuka, akaniambia kwamba kipa anaruhusiwa kutembea. Refa alikuwa ametupa kisogo, mabega yakimtikisika. Kipindi cha pili nilikuwa nimeielewa ruhusa hiyo kupita kiasi, nikakimbia na mpira mikononi hadi nje ya boksi, tukapigiwa faulo. Hata hivyo hatukufungwa. Tulishinda kwa penalti, na wenzangu walipotaka kunibeba juu juu walishindwa, miguu yangu ikawa inaburuta chini.

Tangu siku hiyo nilicheza michezo yote miwili, na nilipomaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani kusubiri matokeo, yote miwili ikanifuata.

Cha kwanza kilikuwa chuo. Mkufunzi mmoja wa chuo cha ualimu cha binafsi huko Mwanza alikuwa amenitazama nikicheza mpira wa pete mashindanoni. Matokeo yalipotoka, na yakawa ya kutosha, alimpigia baba simu akamwambia wangenisamehe ada yote iwapo ningeichezea timu yao. Baba ni mkulima wa pamba na ndiye anayefundisha kwaya kanisani kwetu. Siku zote alitamani nyumba yake itoe mwalimu. Alikuwa na msemo wake: mkulima hutazama mawingu, mwalimu hutazama mwisho wa mwezi. Baada ya simu ile aliimba wimbo mmoja wiki nzima, na sisi watoto tukajua kila sauti ya ule wimbo, ya kwanza hadi ya nne.

Cha pili kilikuja kwa gari, wakati wa kuchuma pamba.

Nilikuwa shambani mdogo wangu alipokuja mbio kunieleza kwamba kuna wageni, na kwamba bibi ameshavaa kitenge chake cha sikukuu. Nikafika nyumbani nikiwa na nyuzi za pamba kichwani. Uani walikaa watu wawili: mama mmoja wa makamo mwenye suti ya mazoezi, na kijana aliyemwendesha, nadhifu, viatu vinang'aa. Majirani walikuwa wamekumbuka ghafla kwamba wana haja ya kuazima chumvi.

Yule mama alikuwa kocha wa timu moja ya ligi kuu ya wanawake kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amesikia habari zangu kwa mwalimu wetu wa Maswa. Lakini kabla hajafika kwenye jambo lenyewe, bibi alikuwa amemaliza kazi yake. Alimkaribisha yule dereva maziwa mgando, akamsalimia "Mwangaluka", akafurahi alipoitikiwa sawasawa, akamuuliza ukoo wake na kwao wanalima nini. Kijana alijibu kwa adabu yote. Kisha bibi akamuuliza, kwa Kisukuma, kwao wamejipanga kuleta ng'ombe wangapi.

Kijana alipaliwa. Baba akainamisha uso. Kocha, ambaye hakuelewa Kisukuma, alitaka atafsiriwe, na alipotafsiriwa alicheka hadi akafuta machozi. Akamweleza bibi kwamba hawakuja kuposa, walikuja kunitaka niwe kipa. Bibi akauliza kipa ni nani. Mdogo wangu akamjibu ni mtu anayezuia wengine wasiingize.

"Hata anayezuia ng'ombe wasiingie shambani hulipwa," bibi akasema. "Hilo mmelifikiria?"

Walikuwa wamelifikiria. Kocha alieleza mambo ya mkataba wa miaka miwili, nyumba ya kuishi pamoja na wachezaji wengine, na mshahara wa kila mwezi. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nikivunjika mguu itakuwaje. Kocha hakumzunguka. Alisema timu ingenitibu, ila mkataba ukiisha nikiwa bado kitandani, hakuna ambaye angeahidi kitu. Baada ya wageni kuondoka baba alisema amempenda yule mama kwa kusema kweli, lakini ile kweli yenyewe hakuipenda.

Yakafuata majuma ambayo kila aliyepita kwetu alikuwa na ushauri. Mchungaji alisema chuo. Vijana wa kijiweni walisema Dar. Mjomba, anayefuga ng'ombe kule Mwanhuzi, alisema mwaka ni wa ukame, popote penye chakula niende. Mama hakuchagua upande. Kila nilipomuuliza aliniambia nimalize kwanza mstari wangu wa pamba. Mimi mwenyewe asubuhi niliamka mwalimu, jioni nililala kipa. Chuo kilikuwa na usalama, na mchezo nilioujua kama ninavyojua njia ya kisimani. Timu ilikuwa na kitu ambacho sikuweza kukitaja jina, ila nikikiwaza nilijikuta nimeinua mikono katikati ya pamba.

Mwisho kocha alipiga simu kusema timu yake ingekuja Mwanza kwa mechi, niende nifanye nao mazoezi siku moja. Baba akawasiliana na mkufunzi wa chuo, naye akasema ikiwa tunakuja, basi nipite kwanza kwao. Tukapanda basi mimi na baba, tumebeba mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, wa kumpelekea shangazi aliyetupa pa kulala. Baba hakuwahi kunitazama nikicheza hata mara moja. Shuleni palikuwa mbali, na msimu wa michezo daima uliangukia kwenye kilimo. Njiani, tulipopita Mwamanyili, aliniuliza kama kwenye mpira wa pete kuna refa. Nikajua naye ana wasiwasi kama mimi.

Chuoni nilicheza Ijumaa jioni. Nilicheza vizuri, naweza kusema hivyo bila haya. Mfungaji wao, dada mwenye sifa, alipata mipira michache sana mbele yangu. Madamu, ndivyo wote walivyomwita yule mkufunzi, alinipa jezi ya chuo niipime na niondoke nayo, na ikanitosha hadi mikono, jambo ambalo si la kawaida kwangu. Baba alizungushwa majengo, akatoka amefurahi, akaniambia maktaba yao ina feni.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwenye mazoezi ya timu. Kocha aliniweka golini kwa wachezaji wa akiba, dhidi ya kikosi cha kwanza. Sijawahi kuona mpira ukienda kasi namna ile. Nilifungwa la kwanza nikiwa bado narekebisha glovu, la pili likapita katikati ya mabeki wawili ambao kila mmoja alidhani mwenzake ameuona mpira. Kipa wao mkubwa, mwanamke mwenye kovu kwenye kidevu, alikuja akasimama nyuma ya nyavu zangu.

"Mdogo wangu," akasema, "goli lina nguzo mbili. Ukikaa kimya unakuwa ya tatu. Wewe ndiye unayeuona uwanja wote. Waambie."

Niliona aibu. Mabeki wale walikuwa wakubwa kwangu kiumri, na mmoja alikuwa na mtoto anayesoma. Mpira uliofuata nilisema "kushoto" kwa sauti ya kumwomba mtu chumvi. Hakunisikia mtu. Uliofuata nikapaza. Kisha sijui kitu gani kilifunguka kifuani. Nilianza kuita, kuonya, kuamuru watu wasogee, warudi, wamwache yule, wamkabe huyu, na wakawa wanafanya! Nilifungwa tena baadaye, ila lile lilikuwa shuti zuri na hakuna aliyelaumiwa. Nilipotoka uwanjani koo lilikuwa limekauka na nilikuwa natabasamu kama mtu aliyeokota kitu.

Baba alinipeleka kula samaki karibu na soko. Tulikula hadi sato akabaki miiba. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Jana ulicheza vizuri."

"Asante, baba."

"Leo umefungwa."

"Ndiyo."

"Lakini leo nimekusikia." Akachokonoa mwiba. "Nimekulea miaka yote hii, sijawahi kuisikia sauti hiyo. Mzee aliyekaa jirani yangu aliniuliza yule anayepiga kelele ni mtoto wa nani. Ilibidi nifikiri kwanza." Ndipo akaniangalia, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, umependa upi?"

Wote kabla yake walikuwa wameniuliza upi una faida, upi una hatari, upi una mwisho mwema. Swali hilo lilikuwa jepesi mno hata nikalijibu kabla sijaogopa.

"Wa leo."

"Hata kwa kufungwa?"

"Hata kwa kufungwa."

Akanawa mikono, akajifuta polepole kwa leso yake. Akasema kwamba ikiwa ni hivyo twende tukamwambie Madamu siku ile ile, kwa kuwa si uungwana kumwacha mtu akusubiri bure.

Tulipitia kwa shangazi kuichukua ile jezi. Niliirudisha jezi imekunjwa vizuri. Madamu aliipokea, akaitazama mikono mirefu ya jezi hiyo, kisha akaanza kucheka. Alisema kwamba katika kazi yake amepoteza walinzi wazuri kwa wachumba wengi wa ajabu, na hii ndiyo mara ya kwanza anampoteza mmoja kwa mpira. Ila alimgeukia baba akasisitiza nisiache kusoma, na baba, ambaye hakuhitaji kusisitiziwa, akaniapisha pale pale mbele yake.

Msimu wa kwanza Dar nilikaa benchi hadi nikaujua kila ubao wake. Joto lilininyong'onyeza, chakula kilikuwa na nazi katika kila kitu, na wenzangu walichekelea Kiswahili changu cha bara. Sikucheza mechi hata moja ya ligi. Lakini yule kipa mwenye kovu alinishika mkono, akanifundisha kusoma bega la mpigaji, kuanguka bila kuumia, na kusahau goli ulilofungwa kabla mpira haujarudi katikati. Msimu wa pili yeye alipata kadi nyekundu, mimi nikaingia. Tulitoka suluhu. Alinikumbatia mlangoni mwa vyumba vya kuvalia, akaniambia ameitafuta kadi hiyo muda mrefu apate kupumzika. Mpaka leo sijui kama alitania. Sasa ni mimi ninayeanza golini, na jioni tatu kwa wiki naenda kusoma ualimu, polepole, nikisinzia mara nyingine darasani, lakini naenda.

Nyumbani mambo yamebadilika kwa namna ambayo sikuitarajia. Baba, aliyekuwa akiuita mpira kazi ya wasio na shamba, siku hizi hubishana kuhusu kuotea baada ya ibada, na nasikia mazoezi ya kwaya ya Jumamosi husogezwa mbele kila tunapocheza.

Mwaka jana tulikuja Mwanza kucheza, tukapewa mapumziko ya siku moja. Nikaenda chuoni kumsalimia Madamu, nikakuta wana mechi ya mpira wa pete. Alinitengea nafasi kwenye benchi karibu naye. Mlinzi wao wa mwisho alikuwa binti mrefu, si mrefu kama mimi, ila mwepesi kuliko mimi, na kila alipoinua mikono chini ya pete mikono yangu nayo ilitaka kuinuka. Sitadanganya, iliuma kidogo, namna inavyouma kupita nje ya nyumba uliyokaribia kuhamia ukaona mapazia ya watu wengine. Kisha wapinzani wakapata mpira, binti akawa hamwoni mfungaji aliyejificha nyuma yake, na mimi nikasahau niko wapi. Nikasimama nikamwitia "nyuma yako" kwa sauti yangu yote ya golini. Akageuka, akaruka, akaudaka. Refa alinifuata akaniomba kwa upole nikae chini. Madamu alimwambia anisamehe, akisema mimi ni mgeni na natoka kwenye mchezo mwingine.