Mlango wa Choo cha Mama

Mamangu alipovunjika nyonga huko kwetu Kaloleni, daktari alituambia kwamba kuanzia hapo atakuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Sisi wanawe tukakubaliana aje akae kwangu Port Reitz, kwa kuwa nyumba yangu haina ghorofa. Nilikipima kiti kile hospitalini kwa utepe wa kushonea, kisha nikarudi nyumbani kupima mlango wa choo. Kiti kilikuwa kipana kuliko mlango kwa vidole vinne.

Nikamwita fundi, mtu mzima wa mtaani kwetu. Alisema atapanua mlango wa choo na wa sebuleni, na mahali pa vidato vya baraza ataweka mteremko wa saruji. Jumatatu akaanza. Alikuwa ameshaing'oa fremu ya mlango wa choo, jirani yangu alipochungulia dirishani.

"Una kibali cha kaunti?" akaniuliza.

"Kibali cha mlango?"

"Mimi sijui cha nini. Najua ukuta wangu ulipigwa alama nyekundu, nikaambiwa niubomoe. Na nilikuwa nimeongeza chumba kimoja tu cha nyuma."

Fundi akasema mlango wa ndani hakuna atakayeuona. Lakini sikuwa na moyo wa kubahatisha. Mama alitarajiwa kuruhusiwa Jumatatu ya pili yake, nami nilimwona akilini akifika na kukuta kazi imesimamishwa, choo kiko wazi kama dirisha. Nikamwambia fundi aweke nyundo chini.

Asubuhi yake niliomba ruhusa kazini nikaenda ofisi ya mipango ya kaunti na hati ya kiwanja, kitambulisho, na picha za nyumba kwenye simu. Kwenye benchi niliketi na bwana mmoja aliyekumbatia michoro ya nyumba ya ghorofa. Akaniambia hiyo ni mara yake ya tatu kurudishwa. Nikanywea.

Ofisa alikuwa binti wa rika la mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote, hata mambo ambayo hakuyauliza. Akanisikiliza, akaomba simu, akaikuza picha ya ukuta.

"Huu umebeba nini juu?"

Sikujua. Nikampigia fundi palepale, akasema haubebi kitu, paa limekaa kwenye kuta za nje.

"Unaongeza chumba?"

"La. Ni milango, na mteremko wa kiti."

Nilikuwa nimeuchora mteremko kwenye karatasi. Akaitazama, akaiweka mezani.

"Ukiujenga hivi utaingia kwenye njia ya watu, na njia si yako. Ugeuze ufuate ukuta wa baraza, uishie ndani ya ua wako."

"Halafu?"

"Halafu basi, mama. Hayo ni matengenezo, hayahitaji ramani. Ungeongeza chumba ama ghorofa, hapo ningekutuma kwa mchoraji. Niandikie barua fupi nikugongee muhuri, askari wa kaunti wakija uwaonyeshe."

Nikamwomba arudie. Akarudia taratibu, bila kuchoka. Niliiandika barua ile hapo benchini. Alipoisoma akakata neno moja, "kubomoa", akaandika juu yake "kupanua".

"Ukisema kubomoa utawashtua," akasema, akagonga muhuri.

Nje nilisimama kivulini kwanza, nikavuta pumzi, ndipo nikampigia fundi arudi kazini. "Si nilikwambia?" akasema. Habari ya mteremko kuingia njiani hakuwa amenitajia hata kidogo, lakini siku hiyo sikuwa na hamu ya kushindana na mtu. Ilibidi ning'oe mchicha wangu wote uliokuwa kando ya baraza. Mteremko ukatoka mrefu, na mpole kuliko ule niliouchora.

Mama aliletwa na kaka yangu. Alipumzika kidogo sebuleni, kisha akauliza choo kiko wapi. Kaka alipotaka kumsukuma, Mama akamwondoa mkono. Akajiendesha mwenyewe, kiti kikapita bila kugusa fremu, mlango ukafungwa. Tulisimama kimya, tusitazamane, mpaka tuliposikia maji yakimiminika.

"Mbona mmenyamaza hivyo?" akauliza kutoka ndani. "Kuna msiba?"