Chupi za Afande Drani

Chekeni kabisa sasa hivi mmalize, maana nikianza mtanikatiza. Jirani yetu hapa kota za Nakawa, Afande Drani, alipandishwa cheo kuwa sajini, na mama yake huko Arua hakuamini (yule bibi haamini hata redio), kwa hiyo afande akataka picha ya familia nzima, yeye katikati, mistari ya cheo mkononi ionekane vizuri. Akaniita mimi, kwa sababu kamera ya klabu ya shule ilikuwa kwangu, na nilikuwa nimejisifu mtaa mzima kwamba ni fundi.

Wakajipanga: watoto kwenye mkeka mbele, afande na mkewe kwenye viti, wadogo zake wamesimama. Na nyuma yao, kwenye kamba, chupi za afande zinapepea, moja ina kiraka. Sasa niambieni, siku hizi nani anamwambia mwanajeshi aanue chupi zake? Watu wamepotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Nikakumbuka mwalimu wa klabu: ukifungua sana tundu la lenzi, ulicholenga kinatoka wazi, vya mbele na nyuma yake vinakuwa ukungu. Nikalifungua lote. Chupi kwisha, nikajipongeza.

Ila nililenga (haya, mmeshaanza) Zubeda, binti wa afande, pale mkekani.

Jumapili iliyofuata nikaleta picha, nusu ya kota wamekusanyika. Zubeda anaonekana hadi kope. Wengine wote moshi.

"Kijana," afande akasema polepole, "mimi iko wapi?"

"Hapo katikati, afande."

"Hii? Hii si uji?"

Mkewe akachungulia. "Bambi, maskini, kamera yake imeona mtu mmoja tu."

Watu wakaangua kicheko, Zubeda akajifunika leso, nami nikatafuta shimo la kuingia.

"Ndugu yangu anapanda basi ya Arua Jumamosi," afande akasema. "Piga ingine. Kila kitu ionekane."

Chupi ziko kambani tena, ila amri ni amri: nikabana tundu likawa kama la sindano ili vyote vitoke wazi, nikaweka kamera juu ya kigoda, nikawaambia wasipumue, macho yangu kwenye mistari tu (Zubeda sikumtazama hata kidogo). Picha ikatoka safi ajabu: mistari, vifungo, na kule nyuma chupi zote, kiraka mpaka uzi wake. Filamu nyingine hakuna, siku hizi inatafutwa kama sukari. Ikaenda Arua hivyo hivyo.

Ndugu yake aliporudi akatoa salamu za bibi mbele ya wote: ameamini mwanawe ni sajini, sasa serikali imnunulie chupi mpya.

Afande alinitazama mpaka nikaanza kumuaga mama yangu moyoni.

"Wewe uliziona?"

"Niliziona, afande. Mara zote mbili."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

Akacheka mpaka akashika ukuta.

Basi nimeapa: nikiona chupi, nasema chupi. Kwa Afande Drani, lakini. Kwa wakubwa wake nitaendelea kufungua tundu.