Gari Linabeba Nani?

Muuza vipuri, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Spea, haanzi na bei. Ukimwomba kifaa, huweka maboksi mawili juu ya kaunta, la kampuni iliyounda gari na la bei chee lililotoka ng'ambo, kisha hulipimapima kila moja kiganjani, macho kayafumba, kama anayetafuta yai viza. Hana ugomvi na vya bei chee. "Kioo cha pembeni? Chukua hiki, mwanangu," husema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Kioo hakijamtupa mtu bondeni." Mpira wa wipa, taa ya ndani, kitasa cha mlango, vyote huvipitisha bila kusita. Zikifika pedi za breki, ndipo anapouliza: "Gari linabeba nani?"

Juzi dereva mmoja alikuwa keshalikumbatia boksi la bei chee alipoulizwa hivyo. "Watoto wa shule," akajibu huku akipapasa mfuko. Mama Spea akalichukua lile boksi mikononi mwake taratibu, akaliweka juu ya kiti, akalikalia.

"Hizo zimeisha."

"Mama, zimeisha vipi na umezikalia?"

"Zimeisha." Kwa kidole kimoja akamsogezea boksi la pili. "Hizi ndizo zilizopo."

Dereva akacheka. Mama Spea hakucheka, basi naye akaacha. "Sasa bosi nitamwambia nini? Kaniagiza za bei chee."

Mama Spea akajiweka sawa kitini, boksi likalia kwa kubonyea. "Mwambie zipo," akasema, "ila nimezikalia."