CD ya Kufukuza Ndege

Wiki hii nilisimama kwenye dirisha la picha za X-ray katika hospitali moja hapa Eldoret, nyuma ya mama mmoja kutoka Soy na mzee wake. Mzee alipigwa mshale shingoni wakati wa vurugu za uchaguzi. Mshale ulitoboa mrija wa limfu, na tangu hapo maji meupe kama maziwa yanamvujia kifuani. Daktari anataka kuuziba kwa kupitisha kijibomba chembamba huku akikifuata kwenye skrini, lakini kwanza ameomba picha za zamani.

Mama akafungua leso, akatoa CD ya picha hizo. Ilikuwa na tundu pembeni, na uzi bado unaning'inia.

"Mama, hii umeifanyia nini?" karani akauliza, akiishika kwa ncha za vidole.

"Nilitundika kwa shamba la wimbi. Ndege walikuwa wanatumaliza."

"Lakini hii ni rekodi ya mgonjwa!"

"Madam, niliwaletea hapa mara tatu. Mara mashine haisomi, mara daktari wa kuisoma ako leave. Ndege wao hawaendi leave."

Foleni ikacheka. Mzee akashika kifua, akacheka pia. Karani akaandika fomu ya picha mpya bila kuinua macho.

Mimi nikakumbuka ile tume ya uchunguzi iliyokuja baada ya vurugu, ikaturekodi tukilia, ikajaza CD kabati nzima, kisha ikalifunga kwa kufuli ili CD zisiharibike. Hongera zao, hazina hata mkwaruzo. Ila ya mama ilifukuza ndege. Zile hazijatisha hata shomoro.