Kizibo cha Soda Kifuani kwa Baba

Wapo watu hapa Tabora ambao mpaka leo wakikutana nami sokoni hawanisalimii kwa mdomo, wanajigusa tu kifuani upande wa kushoto, hivi, kwa kidole kimoja, halafu wanapita wakicheka, na mimi nabaki nimesimama na kikapu changu nimefura. Basi leo nasema mwenyewe, maana nimechoka kusimuliwa na watu ambao hata uwanjani hawakuwapo, wanaongeza chumvi mpaka eti nilimvua mgeni suruali. Sikumvua suruali. Nilimvua kofia. Aibu yenyewe inatosha jinsi ilivyo, haihitaji kusaidiwa.

Miaka hiyo Azimio la Arusha lilikuwa bado la moto, na mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, binti wa miaka ishirini na mitatu, naishi na baba yangu Gongoni, na ugonjwa wangu ulikuwa beji. Wenzangu walikusanya stempu, wengine vitambaa vya kutarizi, mimi beji: za Mwenge, za ushirika wa tumbaku, za mikutano ya walimu, chochote chenye sindano nyuma. Nilikuwa nabadilishana kwa posta na watu nisiowajua hata sura, majina nimeyaokota kwenye ukurasa wa marafiki wa kalamu gazetini, na msidhani ulikuwa mchezo wa kihuni, la hasha, tulikuwa na adabu zetu. Hutumi beji yenye kutu bila kusema ina kutu. Unaifunga kwenye kitambaa, sindano ndani, isije ikamchoma mtu wa posta (aliwahi kuchomwa mmoja, tukanuniwa mwezi mzima). Ukipokea unajibu siku hiyo hiyo. Na kubwa kuliko yote, mwenzako akikuamini akatangulia kutuma yeye, basi huna usingizi mpaka na yako imeondoka. Adabu hizo nilizijua kuliko mtu yeyote, na nilikuwa nawafundisha wengine kwa barua ndefu zenye kujidai, ndiyo maana naumia.

Sasa baba. Baba yangu, Mzee Maganga, alikuwa gadi wa treni mpaka alipostaafu, na alikuwa na beji moja tu duniani, ya sherehe za uhuru, aliyovishwa siku ile ile pale stesheni akiwa kazini. Kila Saba Saba wazee waliojiunga na Chama mapema walikuwa wanaitwa mbele uwanjani, mmoja mmoja kwa jina, na baba alikuwa anapanda na koti lake jeusi na beji ile, anasimama wima kama bado ameshika bendera ya kijani. Mwaka mzima haongei habari hizo. Siku hiyo moja tu ndiyo yake.

Na mimi, mwanawe wa pekee, niliichukua bila kuomba ili nikapigwe nayo picha, niwatumie marafiki wa kalamu waone, na kati ya kwa mpiga picha na nyumbani ikadondoka. Nilirudi njia nzima nimeinama, nikarudi tena, nikauliza mpaka wauza karanga. Wapi! Baba alipoitafuta nikasema, "Nimeipeleka kusuguliwa, baba, ilikuwa imefubaa." Akanitazama, akasema, "Haya. Saba Saba isinikute sina." Ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Niliandika barua kumi na moja. Aliyejibu ni mmoja, E. Yohana, sanduku la posta la Dodoma, akasema anayo ya uhuru, safi, na angependa kupata ile yangu ya Mwenge ya mwaka wa kwanza, na kwa kuwa nimemweleza nina haraka, yeye anatangulia kutuma. Na kweli ikaja! Imefungwa kitambaa cheupe, sindano ndani, inameremeta. Nikambusu postamasta mkono. Nikampelekea baba, nikamwambia, "Umeona? Majivu na ndimu tu hayo," akaipokea, akaigeuza, akaigeuza tena, akaitia kwenye mfuko wa koti. Nikashusha pumzi.

Hapo nilitakiwa kufunga beji ya Mwenge, kulamba stempu, na kwenda zangu. Dakika tano! Lakini chini ya barua yake Yohana alikuwa ameandika, "Nyinyi Wanyamwezi ni wabebaji hodari, naamini hii hamtaiangusha," na mimi nikapiga kelele pale pale masjala: Mgogo huyu! Mtani wangu! Dodoma, jina la Biblia, na ananichokoza, nani mwingine? (Kwa asiyejua: babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani walipita Ugogo, wakatozwa hongo, ule ushuru wa kupita, hata kwa maji ya kunywa, wakagombana wee, mwisho wakawa watani. Mtani unaingia jikoni kwake ukala, unamvua kofia, msibani unamwigiza marehemu, na akikasirika yeye ndiye mwenye kosa.) Basi nikaona mtani hatumiwi beji kavu kavu, lazima kwanza atukanwe. Nikachukua kizibo cha soda, nikakipiga nyundo kikawa bapa, nikakitia sindano nyuma, nikakifunga kitambaa kwa adabu zote, na barua: "Ewe Mgogo, hii ndiyo beji inayokufaa. Maji mliyowauzia babu zangu leo mmelipwa."

Ya Mwenge ningeituma Ijumaa. Naapa. Lakini Alhamisi bosi akanipeleka Igalula kuandikisha watu wa kijiji kipya, nikakaa wiki tatu, beji imefungiwa kwenye saraka ofisini, na niliporudi nikakuta barua ya mistari miwili: "Ndugu, nimepokea kizibo. Naomba beji yangu irudishwe."

Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia mlinzi wetu, Mzee Kulwa, "Ona Mgogo alivyo na uso mkavu, hata kwenye karatasi hacheki!" Mzee Kulwa akauliza, "Umemuuliza kabila lake?" Nikamwambia aache ushamba, mtu wa Dodoma aulizwe kabila la nini. Nikatuma bahasha ya pili, ndani yake michembe, viazi vile vya kukausha, vipande vitatu, nikaandika, "Najua kwenu mvua imegoma. Kula kwanza, ukishiba tutazungumza habari ya beji." Jamani. Jamani! Nikikumbuka sentensi ile mpaka leo natamani kuingia chini ya kitanda.

Hakujibu. Nikasema anatunga tusi kubwa, nimpe nafasi, na ya Mwenge nikaiacha kwenye saraka kwanza ili nijibu vyote pamoja. Ndivyo nilivyokuwa.

Ikafika Saba Saba. Uwanja umejaa, ngoma, watoto wa shule, wazee wamekaa mbele kwenye mabenchi, baba wa pili kutoka mwisho, koti jeusi, beji inametameta, na mimi nimevaa kitenge kipya, nimepewa kazi ya kupanga wageni. Katibu ameshika kipaza sauti, ameanza kuita majina. Mara namwona Mzee Kulwa anapenya kati ya watu akimwongoza mwanaume mrefu mwenye kofia na mkoba wa safari, vumbi la treni bado liko mabegani, na kifuani mwa koti lake, upande wa kushoto, kimebandikwa kizibo cha soda.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Semeni wenyewe, mtu amepanda treni kutoka Dodoma amevaa kizibo chako kifuani, utafikiri nini? Nilifikiri hajazaliwa mtani kama huyu. Nikamkimbilia mbele ya uwanja wote, sikusema shikamoo, sikusema karibu, nikamnyakua kofia nikaivaa mimi, nikapiga vigelegele, nikapaza sauti: "Watu wa Tabora! Mgogo wangu huyo! Michembe imekwisha, amekuja kuongezewa!"

Uwanja ukaangua kicheko. Akina mama wakaitikia vigelegele, kuna mzee akasimama akacheza. Katibu naye akaacha kuita majina, akasema kwenye kipaza sauti, "Mkamateni Mgogo, alipe hongo!" Nikazunguka mara mbili na kofia ya mtu kichwani. Halafu kicheko kikaanza kupungua, mstari wa mbele kwanza, kwa sababu yule mtu alikuwa hachezi. Amesimama tu. Na sasa nikamwona vizuri: nywele mvi, miwani, umri wa baba yangu kabisa.

Akangoja mpaka pakawa kimya (alikuwa mwalimu mkuu, nilikuja kujua baadaye, wale wanajua kungoja). Akasema, si kwa ukali, "Binti, mimi naitwa Elia Yohana Mgonja. Ni Mpare wa Same. Dodoma nilipelekwa kufundisha. Kwetu na kwenu hatuna utani."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Lahaula, Mpare! Hao hawaachi haki yao hata ya senti. Dada umekwisha, hapo hata kwa miguu angekuja."

Nilivua kofia. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo, akasema marahaba, na hiyo marahaba ilikuwa nzito kuliko tusi. Akaendelea, na kila neno lilisikika kwa sababu mjinga gani sijui alikuwa amekisogeza kipaza sauti karibu yetu: "Nilitangulia kutuma kwa sababu uliniandikia una shida. Ukanijibu kwa kizibo. Nikaomba kwa adabu, ukanijibu kwamba nina njaa. Mwaka huu kwetu kweli kuna njaa, binti. Nimekivaa hiki ili usiseme hukunitumia. Beji yangu iko wapi?"

Nikasema, "Mwalimu, ya Mwenge iko ofisini, nakwenda kuileta sasa hivi—"

"Sitaki ya Mwenge tena. Nataka yangu."

Nami badala ya kujibu nikafanya kosa la mwisho: nikageuza shingo. Sikutaka, ilijigeuza. Nikamtazama baba, kifuani, na uwanja mzima ukafuata macho yangu, vichwa vyote kwa pamoja, mpaka vikamfikia mzee wa pili kutoka mwisho. Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi ya Tabora ni ngumu kiangazi, haimezi mtu.

Baba akasimama. Akaja polepole, mguu wake ulikuwa umeanza kumsumbua. Akamsalimia mwalimu, wakashikana mikono, wakaulizana hali ya safari kana kwamba wamekutana stesheni. Halafu akaanza kufungua sindano ya beji.

Mwalimu akaona, akaduwaa. "Mzee, sikujua ni wewe. Kaa nayo leo. Nitaipokea kesho."

"Hapana," baba akasema. "Ni yako. Nilijua si yangu tangu siku ile." Akamtia beji mkononi, akanigeukia, na hakupandisha sauti, afadhali angenizaba kibao. "Yangu ilibanduka rangi pembeni, niliigonga kwenye mlango wa behewa. Majivu yanaondoa kutu, Zena. Hayarudishi rangi. Nilikuwa nangoja uniambie."

Miezi miwili. Alikuwa ananingoja miezi miwili, kila asubuhi nampa chai, na mimi niko kazini napiga nyundo vizibo nikicheka peke yangu. Nililia pale pale mbele ya watu wote, na si kwa ajili ya watu.

Hapo Katibu, ambaye hajui kunyamaza, akasoma jina lililofuata kwenye karatasi: "Mzee Juma Maganga!"

Koti la baba lilikuwa tupu. Mwalimu akamrudishia beji, baba akaukunja mkono wa mwalimu juu ya beji ile akausukuma. Akanyoosha kidole kwenye kifua cha mwalimu. "Basi niachie hicho. Hicho ni cha nyumbani kwangu." Mwalimu akasita, akakibandua, akakibandika mwenyewe kwenye koti la baba, akakinyoosha vizuri, akarudi hatua moja nyuma. Na baba akapanda mbele ya uwanja wote na kizibo cha soda kifuani, akasimama wima vile vile kama miaka yote.

Katibu akakitazama. "Mzee, na hii ni beji ya nini?"

Baba akakisogelea kipaza sauti. "Hii nimepewa na binti yangu."

Hakuna aliyecheka. Walianza kucheka kesho yake, na hawajaacha.

Mwalimu alilala kwetu siku mbili, akala wali na kuku, akakataa katakata kuichukua ya Mwenge, nikamfungia kwenye mkoba bila yeye kujua, akairudisha kwa posta, kitambaa cheupe, sindano ndani. Na yeye na baba waliandikiana barua mpaka mwisho. Mimi sikutumiwa hata salamu kwa mwaka mzima, na nilistahili.

Nilidhani adhabu yangu imekwisha siku ile. Thubutu! Saba Saba iliyofuata nilikuwa nimeshapata beji nyingine ya uhuru, kwa jasho, nikaiweka mezani mbele ya baba asubuhi. Akaisifu. Akaniambia nzuri sana, iweke kwenye mkusanyiko wako. Kisha akavaa koti, akabandika kizibo, akaenda uwanjani, na alifanya hivyo kila mwaka mpaka alipofariki, na kila mwaka Katibu aliuliza, na kila mwaka baba alimjibu neno lile lile.

Sasa kiko kwangu, kwenye sanduku, juu ya beji zote. Juzi juzi mkusanyaji mmoja amesikia habari zake, akaniandikia kwamba anakitaka, anatoa beji sita, na kwamba yuko tayari kutangulia kutuma yeye. Nilimjibu siku hiyo hiyo, karatasi safi, bila mzaha hata wa nukta moja: "Shikamoo. Tafadhali usitume kitu. Hicho sikitoi."